Mzani wa Mzee Cornaro: historia fupi ya fadhila ya kiasi na uzee mwema



Kila mwaka, Jumapili ya nne ya mwezi wa saba, Kanisa zima huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee. Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021, akaiweka karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Siku hiyo twawaleta wazee wetu mbele ya altare, twawaombea, twawaimbia. Lakini sote twalijua pia neno jingine linalonong'onwa njiani, watu wakirudi nyumbani. Mzee akivuka miaka 80 huku vijana wa mlango wake wakizikwa, hatakosekana mtu wa kusema kwamba mzee huyo amekula miaka yao. Kwa neno hilo wazee wengi wa upande huu wa nchi yetu, na hasa mama wajane, wamefukuzwa katika nyumba zao, wamepigwa, na wengine wameuawa.

Tafakari hii yataka kulijibu neno hilo kwa njia ya historia. Swali la kwa nini mtu mmoja huzeeka vizuri na mwingine hufa mapema limekwisha kuulizwa ndani ya Kanisa tangu karne za kwanza, na watu waliolijibu hawakuuelekeza uchawi kidole. Walitazama sahani, kikombe, kazi ya mikono, usingizi na amani ya moyo. Si kwamba walipata kila kitu. Walikosea pia, na tutayaona makosa yao. Hata hivyo walituachia njia ya kufikiri ambayo Mkristo anaweza kuitumia bila haya mbele ya daktari na mbele ya Mungu.

Tuanze jangwani. Mtakatifu Antoni Abati wa Misri alizaliwa karibu na mwaka 251. Akiwa kijana wa miaka kama 20 aligawa mali yake akaenda kuishi katika sala na upweke, akafariki mwaka 356, akiwa na miaka 105. Mtakatifu Athanasi, askofu wa Aleksandria, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, asimulia kwamba chakula chake kilikuwa mkate na chumvi, kinywaji chake maji, na kwamba alikula mara moja kwa siku, jua likiisha kutua. Alifanya kazi kwa mikono yake, akilima bustani ndogo na kusuka vikapu. Askofu huyo aandika jambo la kuzingatiwa: Antoni alipotoka katika ngome aliyojifungia kwa muda wa karibu miaka 20, watu waliomwona walishangaa kwamba mwili wake haukuwa umenenepa kwa kukaa bure wala haukuwa umekondeshwa na kufunga. Mpaka kufa kwake macho yake yaliona vizuri, na meno yake yalikuwa yote kinywani, ingawa yalikuwa yamelika kwa uzee.

Antoni hakufunga ili aishi miaka mingi. Alifunga ili moyo wake uwe huru, na miaka ikaja kama ziada. Tena kuna sehemu ya habari yake ambayo wengi huisahau. Katika miaka 15 ya mwisho hakuwa peke yake mlimani: wanafunzi wawili walikaa naye wakimhudumia kwa sababu ya uzee wake. Hata baba wa wakaa pweke wote alihitaji mikono ya vijana. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa maana litarudi.

Karibu miaka 200 baadaye, katika nchi ya Italia, Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni kwa ajili ya watawa wake. Hakuwa anaandika kwa mashujaa wa jangwani. Aliandika kwa jumuiya ya watu wa kila namna, wenye nguvu na wanyonge, waliokula meza moja. Kwa hiyo aliweka vipimo. Sura ya 39 yatoa vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na ratli moja ya mkate kwa siku, yaani karibu theluthi moja ya kilo. Nyama ya wanyama wenye miguu minne yakatazwa, isipokuwa kwa wagonjwa walio dhaifu kabisa. Sura ya 40 yatoa hemina moja ya divai, kipimo cha Kirumi cha karibu robo lita. Na Benedikto akiri kwamba awapimia wengine chakula na kinywaji kwa wasiwasi, kwa sababu kila mtu amepewa na Mungu karama yake. Sura ya 48 yagawa siku kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma, kwa kuwa uvivu ni adui wa roho.

Lakini kati ya sura hizo za vipimo ipo sura fupi sana, ya 37, inayohusu wazee na watoto. Hapo Benedikto asema kwamba ingawa ubinadamu wenyewe hutuvuta kuwahurumia watu wa marika hayo mawili, yafaa pia sheria iwalinde. Udhaifu wao uangaliwe daima, ukali wa kanuni kuhusu chakula usiwahusu, na waruhusiwe kula kabla ya saa za kawaida. Ni neno la hekima kubwa. Kiasi kinachomfaa kijana si kiasi kinachomfaa mzee, na mwenye kuongoza jumuiya hana ruhusa ya kumpima kila mtu kwa kijiko kimoja.

Sasa tuje kwa mtu aliyelipa fundisho hili jina lake katika Ulaya: Alvise Cornaro, ambaye wengine humwita Luigi. Alikuwa mlei, raia wa dola ya Venezia, mkaaji wa mji wa Padua, mwenye mali na mashamba. Katika ujana wake alikula na kunywa bila mpaka. Alipofika kati ya miaka 35 na 40, mwili ulianza kumdai. Yeye mwenyewe ataja maumivu ya tumbo na ya ubavu, dalili za jongo, homa ndogo isiyoisha, na kiu isiyozimika. Madaktari walijaribu kila dawa, hatimaye wakamwambia wazi kwamba imebaki njia moja tu, kuishi kwa kiasi na kwa utaratibu, na kwamba asipoishika upesi atakufa baada ya miezi michache.

Cornaro aliishika. Aeleza kwamba baada ya siku chache alianza kupata nafuu, na mwaka haukwisha akawa amepona. Alijichunguza ajue chakula gani chamfaa na kipi chamdhuru, hata kama ni kitamu kinywani, maana aligundua kwamba methali isemayo kuwa kinachopendeza ulimi hulisha mwili ni ya uongo. Mwishowe akatulia kwenye kipimo chake mashuhuri: wakia 12 za chakula kwa siku, mkate, yai, nyama kidogo na mchuzi vikihesabiwa pamoja, na wakia 14 za divai. Kwa vipimo vyetu ni karibu theluthi moja ya kilo ya chakula, na divai isiyofika nusu lita.

Mwaka 1558 alichapisha huko Padua kitabu kidogo juu ya maisha ya kiasi, na baadaye akaongeza maandiko mengine matatu juu ya jambo hilo. Msomaji wa leo akitegemea kukuta orodha ya vyakula atashangaa, kwa sababu sehemu kubwa yahusu mambo mengine. Asema kwamba alijikinga pia na joto kali na baridi kali, na uchovu kupita kiasi, na kukatizwa usingizi, na hewa mbaya. Asema tena kwamba alijitahidi kuepa huzuni, chuki na mengine yanayoutikisa moyo, ingawa akiri kwamba hakufaulu daima. Asimulia habari ya kesi. Watu wenye nguvu walimshitaki yeye na jamaa yake mahakamani. Ndugu yake na wengine wa ukoo waliingiwa na uchungu mwingi hata wakafa kabla ya siku zao. Yeye alivumilia, na mwishoni kesi ikaamuliwa kwa haki yake. Nani kati yetu hajaona ukoo uliomalizwa na kesi ya shamba au ya kiwanja? Twasema kwamba fulani amerogwa, na kumbe alikuwa amekaa miaka 10 bila usingizi, akihesabu maadui.

Asimulia pia kwamba akiwa na miaka 70 gari lake la farasi lilipinduka, likamburuta, akajeruhiwa kichwa, mkono na mguu. Madaktari walimpa siku 3 za kuishi. Alikataa kutolewa damu na kupewa dawa za kuharisha, akaunganishwa viungo, akapakwa mafuta, akapona. Na miaka michache baadaye jamaa na marafiki, kwa upendo, walimsihi aongeze chakula kidogo kwa kuwa mzee ahitaji nguvu. Kwa kuwaridhisha alipandisha chakula kutoka wakia 12 hadi 14, na divai kutoka 14 hadi 16. Baada ya siku 10 hivi furaha yake iligeuka kuwa hasira na majonzi. Kisha maumivu ya ubavu yakamshika kwa saa 22, ikafuata homa ya siku 35. Alirudi kwenye kipimo chake cha zamani, na homa ikamwachia.

Picha anayoipenda zaidi Cornaro ni ile ya siku zake za kawaida. Apanda farasi bila kusaidiwa, apanda ngazi na vilima kwa miguu yake. Atembelea bustani zake, azungumza na wasanifu wa majengo na wachoraji, asimamia kazi ya kukausha mabwawa ili yawe mashamba yenye watu na makanisa. Atunga mchezo wa kuchekesha. Arudi nyumbani akute wajukuu 11, mkubwa ana miaka 18 na mdogo 2, akacheza na wadogo na kuimba pamoja na wakubwa. Kwake uzee ulikuwa umri mzuri kuliko yote aliyopitia.

Ukweli watudai tumkosoe Cornaro katika mambo mawili, kwa maana historia isiyokosoa si mwalimu mzuri.

La kwanza ni hesabu ya miaka yake. Alipochapisha kitabu chake cha kwanza alisema kwamba ana miaka 83, na katika maandiko ya baadaye akajiita mzee wa miaka 95. Wanahistoria waliochunguza hati za wakati ule waona kwamba yaelekea alizaliwa karibu na mwaka 1484. Alifariki mwezi wa tano mwaka 1566. Basi alifikisha miaka kama 82, wala si karibu 100. Kumbe mtu huyu aliyepima mkate wake kwa mzani, miaka yake hakuipima. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu hakuhitaji kuongeza. Kuishi miaka 82 katika karne ya 16, baada ya madaktari kumkatia tamaa akiwa kijana wa makamo, lilikuwa tayari ushuhuda wa kutosha. Na sisi tunaopenda kusikia habari za watu walioishi miaka mingi ajabu kwa jani fulani au maji fulani, tujifunze kuuliza maswali kabla ya kununua chupa.

La pili ni zito zaidi. Katika nyumba ya Cornaro alikaa mtunga michezo mashuhuri, Angelo Beolco, ambaye watu walimwita Ruzante. Katika michezo yake aliwasemesha wakulima wa Padua kwa lugha yao wenyewe, na jambo wanalolisema mara nyingi ni njaa. Mmojawapo wa michezo hiyo ulichezwa wakati wa njaa kali iliyoikumba nchi ile karibu na mwaka 1528 na 1529, mbele ya mwenye nyumba na wageni wake waliokuwa wametoka kuwinda. Ruzante alifariki mwaka 1542, kabla ya kuuona uzee, na bwana wake akaishi miaka 24 zaidi. Hatuwezi kusema kwamba njaa ndiyo iliyomwua. Lakini wakulima aliowasemesha walikula wakia chache kwa siku bila kuambiwa na daktari, na hawakuzidi kuishi. Kiasi ni fadhila ya mtu mwenye uwezo wa kuzidisha. Asiye na kitu hahubiriwi kiasi, hugawiwa chakula. Anayewaambia maskini wapunguze kula, na ghala yake imejaa, ameigeuza fadhila kuwa tusi.

Kitabu cha Cornaro kingeweza kusahauliwa kama si padri mmoja Myezuiti. Leonardus Lessius alizaliwa mwaka 1554 huko Brecht, karibu na Anvers. Alijiunga na Wayezuiti mwaka 1572, na kuanzia mwaka 1585 alifundisha teolojia huko Louvain, mji uleule ambao chuo kikuu chake cha kikatoliki kiliizaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Lessius alijulikana kwa kitabu chake kikubwa juu ya haki, cha mwaka 1605, kilichochunguza mikataba, bei na mikopo. Mtu huyo wa haki alikuwa na mwili dhaifu. Alipolisoma andiko la Cornaro alilijaribu katika nafsi yake mwenyewe, kisha akalitafsiri kwa Kilatini, na mwaka 1613 akalichapisha huko Anvers pamoja na kitabu chake mwenyewe juu ya kulinda afya hadi uzee wa mwisho. Miaka 21 baadaye maandiko hayo mawili yalitoka kwa Kiingereza huko Cambridge, na aliyelitafsiri andiko la Cornaro ni George Herbert, mchungaji Mwanglikana na mshairi. Wakati ule Wakristo walipigana kwa maneno na kwa panga. Hata hivyo Mkatoliki na Mwanglikana walikaa meza moja ya kiasi.

Lessius aliongeza jambo ambalo Cornaro hakuliona wazi. Swali la ni wakia ngapi, yeye aliligeuza kuwa swali la dhamiri. Kanuni yake ya kwanza, kwa maneno yetu, ni hii: ikiwa baada ya kula huwezi kusali, kutafakari, kusoma au kufanya kazi ya akili iliyo wajibu wako, umepita kipimo. Kwa hiyo mkulima apaswa kula zaidi kuliko mwandishi, na kijana zaidi kuliko mzee, na hakuna anayemhukumu mwenzake. Aonya pia kwamba mtu asibadili desturi ya mwili kwa ghafula, bali apunguze kidogo kidogo. Lessius alifariki mwanzoni mwa mwaka 1623, akiwa na miaka 68, umri mkubwa kwa mtu dhaifu wa zama zile.

Njia hiyo yafika mpaka kwa Papa Leo XIII, papa yuleyule ambaye mwaka 1878 aliukabidhi utume wa nchi za Maziwa Makuu kwa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, walioleta Injili katika nchi zetu za mashariki. Alichaguliwa akiwa na miaka 67, na wengi walifikiri kwamba hatakaa siku nyingi. Alikaa miaka 25, akafariki mwaka 1903 akiwa na miaka 93. Barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliitoa akiwa na miaka 81. Katika uzee wake alitunga pia shairi la Kilatini kumsifu mtu alaye kwa kiasi na kumwonya mlafi. Kumbe mzee aliyetunzwa na kujitunza aweza kuwa na neno ambalo kijana bado hana.

Ndugu zangu, tuilete sasa historia hii katika meza zetu. Kuna mambo ambayo sayansi ya leo imeyasahihisha. Wakia 12 za Cornaro zisifuatwe kama sheria, kwani mzee anayekula kidogo mno hupoteza nyama ya mwili, akaanguka, akavunjika. Yeye ahitaji maharagwe, yai, sambaza au ndagala, na mboga, kwa sehemu ndogo lakini kila siku. Bugali pekee haimtoshi. Divai yake pia isifuatwe. Shirika la Afya Duniani lasema leo kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kabisa kwa afya, na sisi twajua vizuri kile ambacho lotoko na kanyanga zimewafanyia baba zetu. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na wala hakumshauri auze mbuzi wa ada ya shule ili anywe.

Lakini mengi yamethibitishwa. Shirika hilohilo lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja kidogo, na ndani yake ihesabiwe chumvi ya samaki mkavu na ya vidonge vya mchuzi. Lashauri angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, hata kwa waliovuka miaka 65, na mazoezi ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili siku tatu kwa wiki, ili wasianguke. Kwenda Misa ya asubuhi kwa miguu ni mwendo. Kulima tuta la lengalenga nyuma ya nyumba ni mwendo. Tumbako iachwe, hata ile ya kunusa na ya kutafuna. Msongo wa damu upimwe hata kama mtu hajisikii vibaya, kwa sababu ugonjwa huo mara nyingi hauna sauti mpaka siku unapomwangusha mtu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31 na ya 37, alikwisha kufundisha kwamba anayekula kwa kiasi hulala vizuri na kwamba ulafi umewaua wengi; na katika sura ya 38 aliagiza daktari aheshimiwe, maana naye ameumbwa na Bwana. Kumpeleka bibi kwenye kituo cha afya si kukosa imani.

Na hapa tulirudie lile neno linalonong'onwa njiani. Mzee wa kijiji chetu aliyeishi miaka 85 mara nyingi ameishi hivi: alilima mpaka uzee, akatembea kwa miguu mpaka soko, akala mboga na maharagwe kwa kuwa nyama ilikuwa ya sikukuu, akalala jua lilipozama, akasali asubuhi na jioni. Kijana wake, aliyekwenda mjini au machimboni, alikaa bila usingizi, alikunywa, alikula chumvi na mafuta mengi, alipata malaria akachelewa kutibiwa, au alikutana na risasi au ajali ya barabarani. Miaka ya kijana haikuliwa na babu. Ililiwa na vita, ugonjwa, umaskini na mazoea mabaya, nayo ni maadui yanayoonekana, tunayoweza kuyapiga vita bila kumwaga damu ya mtu. Tena tusiangukie kosa la upande wa pili, kumlaumu kila mgonjwa kana kwamba ameyataka mwenyewe. Wapo waliokula kwa kiasi, wakasali, wakafa vijana. Bwana wetu Yezu Kristu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, alikataa swali lenyewe.

Turudi mwisho kwa wanafunzi wawili wa Antoni. Historia yote tuliyoipitia yaonyesha kwamba hakuna aliyezeeka vizuri peke yake. Antoni alikuwa na wale wawili, watawa wa Benedikto walikuwa na sheria iliyowalinda, Cornaro alikuwa na wajukuu 11, Lessius alikuwa na ndugu zake wa nyumba moja. Mzee wetu ana nani? Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, amwagiza mtoto amsaidie baba yake katika uzee wake na asimdharau hata akili zikimpungukia. Agizo hilo halina nafasi ya mtoto anayemwita mama yake mchawi.

Kwa hiyo napendekeza kwa jumuiya zetu hai azimio dogo, linalolingana na uwezo wetu. Kila jumuiya iandike majina ya wazee wake, na kila mzee apewe watu wawili, kama Antoni, wa kumtembelea kila wiki. Waangalie kama amekula, kama ana maji safi, kama msongo wake wa damu umepimwa mwezi huu, kama kuna mtu aliyemtishia. Wakisikia neno la uchawi juu yake walijibu palepale, hadharani, na wamjulishe padri na wakuu wa mtaa kabla giza halijaingia. Na kila mmoja wetu, akiwa bado na nguvu, aanze leo kujiandalia uzee wake mezani: apunguze chumvi, aache kileo, alale mapema, amsamehe ndugu wa ile kesi ya kiwanja.

Ee Bwana, mwenye zaburi alikuomba usimtupe wakati wa uzee, nguvu zake zitakapopungua. Nasi twakuomba tusiwe sisi watu wa kuwatupa. Utujalie kiasi katika wingi, mgawo wa haki katika uchache, na macho ya kuona baraka yako katika mvi za wazazi wetu. Amina.